Marseille kwa miguu: mji mkongwe ambao nusu yake ililipuliwa (uzi mrefu, kaeni mkao)

#1 · Jahazi la Tanga

Wakuu, salaam.

Kuna mdau aliuliza kule jukwaa la safari: ana siku mbili Marseille akisubiri kuunganisha safari, afanye nini? Akajibiwa apande basi la watalii lisilo na paa, apige picha kanisani, arudi hotelini akalale. Nikaona huyu ndugu anaonewa.

Mimi ni shemeji wa Marseille. Nimeoa Mngazija, ukoo wake nusu uko Moroni, nusu uko huku. Kwa hiyo kila likizo tunaangukia hapa, na kazi yangu ukweni ni moja tu: kuwapisha akina mama wapange harusi, mimi niende zangu kutembea. Mji huu nimeujua kwa kufukuzwa sebuleni.

Tuanze stesheni. Gare Saint-Charles iko juu ya kilima. Ukitoka usikimbilie metro wala teksi. Mbele yako kuna ngazi 104, pana ajabu, zilizojengwa miaka ya 1920, na mji wote unauona umelala chini hadi kilima cha pili chenye kanisa la Notre-Dame de la Garde. Shuka taratibu. Ukifika chini utakuta wanawake wawili wa mawe wamejinyoosha huku na huku, wamezungukwa na watoto na neema za mashamba. Mmoja ni "Makoloni ya Asia", mwenzake "Makoloni ya Afrika". Watu wanakaa hapo wanakula mikate yao, wala hawawatazami. Mji huu uliandaa maonesho makubwa ya makoloni mara mbili, 1906 na 1922, na utajiri wake mwingi wa wakati ule ulishuka melini. Sanamu hizo ni risiti.

Fuata barabara ya Boulevard d'Athènes, ukiikuta La Canebière kata kulia, teremka. Usiulize njia, mteremko wenyewe utakufikisha majini.

Hapo ndipo Vieux-Port, bandari kongwe. Ni mkono wa bahari ulioingia katikati ya mji, una gati pande tatu. Wagiriki kutoka Phokaia, ambayo leo iko Uturuki, walitia nanga hapa yapata mwaka 600 kabla ya Kristo. Asubuhi wavuvi wanauza samaki hapo hapo kwenye gati la mwisho, wengine bado wanaruka kwenye beseni. Bei si ya kitoto. Juu yao kuna paa kubwa la chuma lililong'arishwa kama kioo, kazi ya Norman Foster ya mwaka 2013. Ukiinua kichwa unajiona umetembea kichwa chini miguu juu. Watoto wangu hapo hawaondoki.

Nitaendelea, napewa chai.

#2 · Mpiga Debe Mstaafu

Nimeshaweka mkeka mbele kabisa. Lakini uzi wa safari bila picha, mkuu?

#3 · Kiguu na Njia

Tusidanganyane bwana. Huo si ndio mji wa bunduki na unga? Binamu yangu alinyakuliwa simu kwenye hizo hizo ngazi za stesheni unazozipamba.

#4 · Jahazi la Tanga

@Kiguu na Njia pole kwa binamu. Vita vya magenge ya unga vipo, sikatai, ila sehemu kubwa vinapiganwa kwenye maghorofa ya kaskazini, mbali na njia ninayoieleza. Huku bandarini anayekutafuta ni kibaka. Simu mfuko wa mbele, usiiweke juu ya meza mgahawani, na usiku ukiona kichochoro kimenyamaza kupita kiasi rudi gatini kwenye taa. Kariakoo umeishi, unajua.

@Mpiga Debe picha utapiga mwenyewe ukifika, mimi nakupa macho.

Sasa nije kwenye kitu hasa kilichonifanya nifungue uzi. Simama pale kwa wauza samaki, uso uelekee baharini, halafu tazama mkono wako wa kulia. Utaona maghorofa ya mawe yenye rangi ya asali, yamepangwa mstari mmoja, vibaraza vyake vinafanana, chini yote mikahawa. Watalii wanapiga picha, wanaandika "mji wa kale". Wakuu, majengo yale ni ya miaka ya 1950. Msanifu wake anaitwa Fernand Pouillon. Yana umri wa baba zetu.

Kabla ya hapo palikuwa na mtaa uliobanana vichochoro tupu, wakazi wake wavuvi, makuli, Waitaliano waliokimbia njaa kwao, mabaharia wa kila rangi, na madanguro pia, tusifiche. Wajerumani waliingia Marseille Novemba 1942. Kwao mtaa ule ulikuwa kichaka cha waasi na watoro. Januari 1943, tarehe 22 hadi 24, wakafanya msako mkubwa bega kwa bega na polisi wa Ufaransa wa serikali ya Vichy, ile iliyoshirikiana na Wajerumani. Mkuu wa polisi hao alikuwa René Bousquet, Mfaransa halisi. Watu wapatao 20,000 wakatolewa majumbani na kile walichoweza kubeba, maelfu wakapakiwa kwenye treni hadi kambi ya Fréjus. Zaidi ya 1,600 walisafirishwa kwenda kwenye makambi. Karibu nusu yao walikuwa Wayahudi, na hao safari yao iliishia Sobibor, kambi ya mauaji huko Poland.

Kisha Februari mosi baruti zikaanza. Walilipua mtaa kwa mtaa kwa zaidi ya wiki mbili, majengo karibu 1,500. Walibakiza machache tu. Jumba la Manispaa la karne ya 17 ndilo lile unaloliona limekaa peke yake gatini, na nyuma yake kuna Maison Diamantée, nyumba ambayo mawe ya uso wake yamechongwa ncha kama almasi.

Na kuna kichekesho: Hôtel de Cabre, nyumba ya mwaka 1535, nayo ilisalimika. Walipoanza kujenga upya wakakuta haielekei barabara mpya. Mwaka 1954 wakaing'oa nzima nzima, wakaizungusha nyuzi 90, wakaitua tena. Iko pale Grand-Rue, nyumba ya karne ya 16 iliyogeuzwa kama kabati.

Mpaka wa kisu chenyewe unaupita kwa miguu bila kujua, kama hukuambiwa. Panda kutoka gatini hadi barabara ya Rue Caisserie. Upande wa chini kila kitu ni kipya. Upande wa juu vichochoro vinaanza, kuta zimepinda, nguo zinaning'inia madirishani. Barabara moja tu, na katikati yake zimepita karne nne. Mimi kila nikifika hapo nasimama kidogo, mke wangu ananiuliza nimepoteza nini.

#5 · Mwana wa Mvita

Ahsante sana kaka. Hii ya 1943 sikuijua kabisa, na nimepita hapo na meli ya watalii, tukashushwa saa chache, tukaambiwa hayo hayo ya "mji wa kale". Nina swali: zile ngome mbili za mdomoni mwa bandari zilijengwa kumzuia nani? Maana nilivyozitazama, moja nikaona kama inatuangalia sisi wa ndani.

#6 · Msoma Vumbi

@Mwana wa Mvita hukukosea dada. Mfalme Louis XIV wa Ufaransa aliingia Marseille mwaka 1660 baada ya mji kumletea ukaidi, na hakupita mlangoni, alibomolewa ukuta apite kama mshindi wa vita. Papo hapo akaamuru ijengwe ngome ya Saint-Nicolas, upande wa kushoto ukitazama bahari, na mizinga yake iliweza kuugeukia mji. Saint-Jean ya kulia ikaimarishwa miaka michache baadaye. Kazi ya ngome hizo ilikuwa kulinda bandari na kuwakumbusha wenye mji nani mfalme.

Niongeze jingine la bandarini. Mei 1720 meli ya Grand-Saint-Antoine ilifika kutoka Shamu na shehena ya vitambaa, mabaharia kadhaa wameshafia njiani. Sheria ya karantini ya Marseille ilikuwa kali na yenye sifa, lakini wafanyabiashara walitaka mzigo uwahi mnada wa Beaucaire. Taratibu zikalegezwa. Tauni ikatoka na vitambaa, na ndani ya miaka miwili karibu nusu ya watu wa mji wakafa. Miongoni mwa wenye shehena alikuwemo kiongozi wa manispaa. Haya mambo hayakuanza jana.

#7 · Mpiga Debe Mstaafu

Kumbe "mzigo utoke haraka, mkubwa ana hisa" ni ugonjwa wa bandari zote duniani 😂

#8 · Jahazi la Tanga

@Msoma Vumbi umeninyang'anya maneno, shukrani.

Tuendelee kupanda. Juu ya Rue Caisserie ni Le Panier, mtaa wa kale uliosalimika. Shika ngazi za Montée des Accoules, pembeni ya mnara wa kengele uliobaki pekee; kanisa lake lilibomolewa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Ukiwa na magoti mabovu pumzika katikati, hakuna anayekucheka, wazee wa hapo nao wanapumzika.

Humo ndani sitoi ramani. Panapanda, panashuka, mwishowe utatokea baharini au La Vieille Charité. Place des Moulins, uwanja mdogo juu kabisa uliokuwa na vinu vya upepo, una miti na ukimya, na watalii wengi hawaufikii kwa sababu wameishia kwenye maduka ya sabuni. Nenda huko.

La Vieille Charité sharti uingie. Kwa nje ni kuta tupu, hazina dirisha la maana. Ndani ni ua mpana wenye matao ghorofa tatu kuzunguka pande zote nne, na katikati kanisa dogo lenye kuba la yai. Aliyebuni ni Pierre Puget, mtoto wa mtaa huo huo, ujenzi ukaanza 1671. Ua huo mzuri ulikuwa jela ya masikini. Ombaomba na wazururaji walikamatwa barabarani, wakafungiwa humo wafanye kazi. Ndiyo maana kwa nje hakuna madirisha. Katikati ya karne ya 20 lilikuwa linaporomoka na familia masikini zimo ndani, hadi likakarabatiwa na kukamilika 1986. Sasa kuna makumbusho, mojawapo lina sanaa ya Afrika. Ua unaingia bure, kaa kwenye kivuli unywe maji yako.

Ukitoka shuka upande wa bahari, utakutana na kanisa kuu la La Major, mistari ya mawe ya kijani na nyeupe, limejengwa kati ya 1852 na 1893 mkabala kabisa na meli. Ni kubwa kupita kiasi. Kwa maoni yangu lilijengwa lionekane na abiria anayetoka Algiers, si kwa ajili ya mtu wa kusali. Pembeni yake kuna mabaki ya La Major ya zamani, ya karne ya 12, waliyoikata ili kupisha hii. Mimi naipenda ile ndogo.

#9 · Karthala

Shemeji, salaam kutoka Marseille yenyewe. Nimezaliwa hapa, Kiswahili changu nimefunzwa na bibi aliyeishi Unguja, basi mnisamehe.

Umesema vizuri lakini umeruka watu. Babu yangu alikuwa mchochea makaa wa meli za Messageries Maritimes. Meli zile zilitoka hapa, zikapita Port Said, Djibouti, Mombasa, Zanzibar, zikaenda hadi Komoro na Madagaska. Wangazija wengi walifika hivyo, kazi ya chini kabisa melini, kwenye joto la boila. Meli ikitia nanga wanatafuta chumba karibu na bandari, Panier na Belsunce. Mmoja anamleta nduguye, na nduguye anamleta kijana wa kijijini. Leo tuko makumi ya maelfu, watu husema huu ni mji wa Wakomoro mkubwa kuliko Moroni. Yule Soprano mnayemsikia redioni ni mtoto wetu.

Panier haikuwa mahali pa kupiga picha. Mamangu anasema polisi wenyewe hawakupenda kupanda. Sasa kodi zimepanda, nyumba zimekuwa za wapangaji wa usiku mmoja, masanduku yao ya magurudumu yanapiga kelele kwenye mawe alfajiri. Wangazija wengi tuko Félix Pyat na La Savine huko kaskazini. Mtalii akija kututafuta Panier, atakuta mmoja anafagia.

Kama mnataka mji unaoishi nendeni Noailles, dakika tano tu kutoka gatini. Soko la Capucins. Mihogo ipo, ndizi mbichi zipo, nazi na viungo, mchele wa gunia. Muuzaji Mwaljeria, mnunuzi Mngazija, anayegombana nao kuhusu foleni ni bibi wa Kimarseille. Halafu mpande Rue d'Aubagne. Tarehe 5 Novemba 2018 nyumba mbili, namba 63 na 65, ziliporomoka asubuhi, wakafa watu 8, na mmojawao ni mama wa Kikomoro aliyetoka kumpeleka mtoto shule. Nyumba zilikuwa zinajulikana ni mbovu. Sasa kuna uwanja mdogo umepewa jina la tarehe hiyo. Mkipita msimame kama mnavyosimama Rue Caisserie. Zile za 1943 zilihitaji baruti.

#10 · Jahazi la Tanga

@Karthala hapo umenifunga mdomo shemeji. Nilikuwa naileta Noailles kwa ajili ya mihogo tu.

#11 · Kiguu na Njia

Mimi niliyekuja kubisha sasa nasoma kwa adabu. @Karthala, ni kweli Wangazija wanajibana miaka kwa ajili ya harusi moja?

#12 · Karthala

Harusi ya ada, ndiyo. Mtu anaosha vyombo hapa miaka ishirini, hela inaenda kijijini kuoa kwa heshima, dhahabu, ng'ombe, karamu ya kijiji kizima. Bila hiyo hukai na wazee hata uwe na mvi. Mimi bado sijafanya, kwa hiyo kisheria hapa naongea kama mtoto 😂 Shemeji yetu mwenyewe anajua kwa nini akina mama hawamalizi kikao.

#13 · Mwana wa Mvita

Jahazi, ulituacha kanisani. Tutoe basi. Na chakula, kaka! Halali ipo?

#14 · Jahazi la Tanga

Haya. Kutoka La Major tembea kandokando ya bahari hadi MuCEM, makumbusho ya ustaarabu wa Mediterania, yamefunguliwa 2013. Ni boksi lililofunikwa wavu wa zege jeusi, kazi ya Rudy Ricciotti. Maonesho ya ndani unalipia, lakini kuzunguka nje kati ya wavu na vioo hadi darini ni bure, na jua la jioni likipenya pale linachora sakafu yote. Darini kuna daraja jembamba la mita 115, halina nguzo hata moja katikati, linakuvusha juu ya maji hadi ngome ya Saint-Jean. Anayeogopa vimo amtazame aliye mbele yake. Ndani ya ngome kuna bustani, nayo bure. Kisha daraja jingine fupi linakutoa hadi kanisa la Saint-Laurent, la mawe ya waridi, kanisa la wavuvi. Hilo baruti ziliishia mlangoni pake. Ukisimama kwenye uwanja wake una bandari yote miguuni, na sasa unajua kipi ni cha lini.

Shuka gatini, nenda mbele ya Jumba la Manispaa, panda kivuko kidogo. Kinavuka bandari kwa dakika chache tu hadi Place aux Huiles ng'ambo, tangu 1880. Wenyeji wanakicheka kwa ufupi wa safari, na siku kikiharibika wanalalamika kama wamekatiwa umeme.

Ng'ambo hiyo palikuwa na ghala kuu la merikebu za makasia za mfalme. Wafungwa waliofungwa minyororo ndio waliokuwa injini, wakiwemo Waturuki na Wamoroko waliotekwa baharini. Leo ni uwanja wa mikahawa, watu wanakula aiskrimu. Hakuna kibao kikubwa cha kukuambia.

Chakula. Bouillabaisse ya kweli ni samaki wa miamba, wale wenye miiba na sura mbaya, pamoja na mkunga; supu inakuja kwanza, samaki baadaye. Ilikuwa chakula cha mvuvi, cha kumalizia samaki wasiouzika. Sasa bei yake inataka mkopo, na ukiikuta kwa bei ya chee gatini ujue si yenyewe. Mimi nakula panisse: unga wa dengu uliopikwa ukaganda, ukakatwa, ukakaangwa. Binamu wa bajia kabisa. Halali usihangaike, kuanzia Noailles hadi Belsunce utachagua mpaka uchoke. Na karibu na abasia ya Saint-Victor, kanisa lenye pango la makaburi ya karne ya 5, kuna tanuri linalooka biskuti za umbo la mtumbwi zenye maji ya maua ya mchungwa tangu 1781. Ngumu, chovya kwenye chai.

#15 · Msoma Vumbi

Usisahau La Joliette. Bandari kongwe ilipobana, karne ya 19 wakahamishia meli kubwa kaskazini. Maghala ya Les Docks yana urefu wa mita 365, na wenyeji watakuambia yana milango 52 na ghorofa 7, mwaka, majuma na siku. Leo ni ofisi na maduka. Mtu anayependa historia ya meli za kwetu aanzie pale, si Vieux-Port.

#16 · Mpiga Debe Mstaafu

Swali la mwisho la mvivu: lile kanisa la juu kilimani lina basi au mpaka nipande kwa miguu nife?

#17 · Jahazi la Tanga

Basi namba 60 linaanzia Vieux-Port. Panda nalo, ushuke kwa miguu. Ndani tazama juu, meli ndogo ndogo zinaning'inia darini, nadhiri za mabaharia waliookoka. Ukutani nje bado kuna matundu ya risasi za Agosti 1944, siku za kuukomboa mji. Halafu kabla hujapanda uliza habari za upepo. Mistral ikivuma, kule juu kofia yako itatangulia Algiers.

#18 · Mpiga Debe Mstaafu

Sina kofia, nina kipara. Natafuta viza.